Tuta la Mto Nzoia ni la Nani?

Mto Nzoia hutoka katika milima ya Cherangani na mitelemko ya Elgon, ukapita nchi ya mahindi, na mwisho huingia Ziwa Victoria katika tambarare ya Budalangi. Huko juu maji huenda kwa kasi na kuchukua udongo. Huko chini kasi hupungua na udongo hutua. Kwa hiyo shamba la Budalangi lina rutuba kwa sababu ile ile inayolifanya lifurikwe, na mkulima anayeambiwa ahame ana haki ya kuuliza atapata wapi ardhi kama hiyo.

Tangu mwisho wa miaka ya 1970 Serikali ilijenga matuta ya udongo kando zote mbili za mto, zaidi ya kilomita 30 kwa jumla. Ilikuwa kazi njema, wala haifai kudharauliwa. Lakini tuta la udongo si kama daraja la mawe. Ng'ombe wakilivuka kila siku mahali pamoja, njia yao huwa mfereji. Panya hulitoboa, na jembe likifika chini yake udongo hulegea. Zaidi ya hayo, matope ambayo zamani yalitawanyika mashambani sasa hutua ndani ya mto, kati ya tuta na tuta, na sakafu ya mto huinuka. Hivyo tuta hupungukiwa na kimo hata kama hakuna aliyelikata.

Basi lahitaji kutunzwa kila mwaka, na hapo ndipo penye shida. Matuta hayo yalipasuka mwaka wa 2003, 2008, 2011 na tena 2020, na kila mara ilibidi chakula na mahema vipelekwe kwa waliofukuzwa na maji. Fedha za msaada hupatikana upesi kwa kuwa njaa huonekana. Fedha za kuziba tundu hukawia, maana tuta zima halimtoi mtu machozi. Mwanakijiji naye hufikiri vivyo hivyo. Akifanya kazi siku sita kujaza ufa, faida ni ya jirani aliyekaa kivulini. Asipofanya, anajua ya kuwa Serikali itakuja. Si uvivu huo, ni hesabu. Methali ya ufa na ukuta hujulikana na kila mtoto wa shule, ila haisemi ufa ni wa nani.

Wako wasemao dawa ni Serikali ifunge mfuko, watu wajilinde wenyewe. Neno hilo ni jepesi kwa mtu akaaye mlimani. Maji yanayobomoa tuta la Budalangi ni mvua iliyonyesha mbali, na kijiji kimoja hakiwezi kuuzuia mto.

Wamarekani nao walipambana na swali hili. Baada ya mto Mississippi kufurika vibaya mwaka wa 1927, sheria ya 1928 iliitwika Serikali kuu gharama ya kujenga matuta ya mto huo, lakini kuyatunza kukaachiwa wenyeji. Sheria ya 1936 ikaueneza mpango huo nchini kote: kabla ya kazi kuanza, wenyeji walipaswa kutoa ardhi na kuahidi utunzaji. Hata hivyo nyumba ziliongezeka nyuma ya matuta, kwa kuwa watu waliona hatari imekwisha. Gilbert White, mtaalamu wa jiografia, alikwisha kuonya mwaka wa 1945 juu ya kutegemea kuta peke yake. Ndipo mwaka wa 1968 ikawekwa bima ya mafuriko, inayouzwa tu mahali ambapo wenye mamlaka ya huko wamekubali kusimamia ujenzi mabondeni.

Katika Kenya, Katiba ya 2010 yataja maafa katika kazi za Serikali ya Taifa na za kaunti pia. Mzigo wenye wachukuzi wawili waweza kuanguka, kila mmoja akidhani mwenziwe ameushika. Lakini sheria za maji za 2002 na 2016 zilivitambua vyama vya watumiaji wa maji, ambavyo wanachama wake ni watu wa mtoni wenyewe. Chama chaweza kukabidhiwa kipande cha tuta kwa maandishi, kikalipwa ujira wa kukata nyasi na kujaza matundu, na mhandisi akakagua kabla ya masika. Ng'ombe nao wangetengenezewa mahali pa kuvukia, kwa mawe. Hiyo si gharama kubwa.