Daftari la Wiki: Bungoma kwa Angstromu

Stendi

Abiria akiuliza katika stendi ya Kitale kwamba Bungoma ni mbali kiasi gani, makanga humjibu, "Hapo tu, mama," kisha akamtajia nauli. Mama hupanda. Wiki hii nimelitafutia jibu hilo vipimo vya maabara. Ukikata moja kwa moja, bila kuhesabu kona za Kiminini, Kamukuywa na Webuye, miji hii miwili imeachana kilomita 70 hivi. Angstromu ilipewa jina la Mswidi Anders Ångström, aliyechapisha ramani ya mwanga wa jua mwaka 1868, nayo ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni kumi. Basi Bungoma iko angstromu trilioni 700 kutoka Kitale. Anayetaka fermi, kipimo cha wanaochunguza kiini cha atomi, azidishe namba hiyo kwa laki moja.

Ila nilisema kilomita 70 "hivi". Zikiwa 71, hesabu yangu imepungukiwa na angstromu trilioni kumi. Msururu wa sifuri unavutia macho, lakini ujuzi ni uleule niliokuwa nao kabla ya kuzidisha. "Hapo tu" ukiigeuza kwa kipimo chochote hubaki "hapo tu".

Shamba

Kitale ndiko Kenya Seed ilikoanzia mwaka 1956, na wakulima wa Trans Nzoia hupanda mahindi kwa mistari iliyoachana sentimita 75. Hizo ni angstromu bilioni 7.5, namba isiyomfaa kitu mwenye jembe.

Uliza kasi badala ya umbali, na mambo yanageuka. Mvua ikikolea, tuseme mmea unarefuka sentimita tatu kwa siku. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo ni angstromu 3,500 hivi kila sekunde. Upana wa atomi ya kaboni ni kama angstromu moja na nusu. Wewe umesimama unapangusa jasho, na bua linapanda kwa kimo cha atomi zaidi ya elfu mbili kila sekunde. Kucha za vidole vyako zinakwenda kama angstromu kumi tu kwa muda huohuo. Hapa kipimo kidogo kimepata kazi yake, kwa kuwa kinatupa namba tunayoweza kuishika.

Reli

Reli ya zamani inayopita Bungoma kuelekea Malaba, iliyojengwa miaka ya 1920, ina mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Ni angstromu bilioni kumi, bila salio. Na mita yenyewe je? Hadi mwaka 1960 ilikuwa fimbo ya platini na iridi iliyotunzwa karibu na Paris. Mwaka huo fimbo ikastaafishwa, na mita ikawa urefu wa mawimbi 1,650,763.73 ya mwanga unaotolewa na atomi ya kriptoni. Tangu 1983 ni umbali ambao mwanga husafiri katika ombwe kwa sekunde moja iliyogawanywa mara 299,792,458. Anayecheka barabara kupimwa kwa atomi akumbuke kwamba kwa miaka 23 kila mita duniani, hata ile ya fundi cherehani, ilisimama juu ya atomi.

Soko

Mnunuzi mzoefu wa mahindi hupindua gorogoro atazame kitako kabla ya kutoa pesa. Mswidi mwingine, Manne Siegbahn, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 1924, aliwaachia wapimaji wa eksirei gorogoro yenye kasoro. Kipimo chake kilikusudiwa kiwe sehemu ya elfu ya angstromu, kikatoka kirefu kwa sehemu mbili hivi katika kila elfu. Hesabu ilitegemea chaji ya elektroni aliyoipima Robert Millikan, naye Millikan alikuwa ametumia thamani ya mnato wa hewa iliyopungua kidogo. Kwa safari yetu ya Bungoma, kosa la namna hiyo ni mita 140 na ushei. Maabara zililinganisha vipimo vyao bila ugomvi, maana zote zilitumia kipimo kimoja. Ugomvi ulianza walipolinganisha na mita, kama unavyoanza mahindi ya gorogoro yanapofika kwenye mizani ya Bodi ya Nafaka na Mazao.

Ploti

Matangazo ya ploti za "hamsini kwa mia" hayaishi, Kitale hata Bungoma, na madalali huziita sehemu ya nane ya eka. Futi, tangu 1959, ni sentimita 30.48 kamili, yaani angstromu 3,048,000,000 bila kuongeza wala kupunguza, kwa hiyo futi haina lawama. Lakini futi 50 kwa 100 ni mita za mraba 464.5, na sehemu ya nane ya eka ni 505.9. Zilizopotea ni 41, nafasi ya vyumba vinne vya kupangisha vya futi kumi kwa kumi. Hati huandikwa kwa hekta: 0.0465 kwa hamsini kwa mia, 0.0506 kwa sehemu ya nane. Muulize dalali anauza ipi kati ya hizo, na umlete mpima ardhi akague bikoni kabla hujalipa hata arubuni.