Majeruhi wa Moto Watangulie

Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walitangaza habari ya kutia moyo. Walitoa chembe hai katika mashina ya nywele za watu 7, wakazikuza maabarani ndani ya matone yaning'iniayo ili zishikamane kama zifanyavyo mwilini, kisha wakazitia katika ngozi ya binadamu iliyopandikizwa kwenye panya. Chembe za watu 5 ziliotesha nywele mpya.

Upandikizaji wa kawaida huhamisha tu nywele kutoka upande mmoja wa kichwa hadi mwingine. Aliyeungua kichwa kizima hana za kuhamisha. Chembe zinazoongezeka maabarani, zikifanikiwa kwa binadamu, huenda zikamfaa.

Lakini fedha hufuata soko, na soko la upara ni la wenye nacho wanaotamani kurudishiwa ujana. Hapana budi vyombo vya umma vinavyogharamia utafiti wa namna hii viweke sharti moja: majeruhi watangulie. Sayansi inayomtumikia mwenye kujipamba ikamsahau aliyeumia imepotea njia.