Kikundi hewa hakina pa kujificha mtaani

SAFU YA KATA KWA KATA
Na Mwanaidi Mshangama

Shilingi iliyotoka kwenye akaunti ya halmashauri Julai 2021 ilikuja kuulizwa bungeni Novemba 2023. Hakuna aliyelala kazini; ndivyo kalenda yetu inavyokwenda. Mwaka wa fedha 2021/22 ulifungwa Juni 30, 2022. Halmashauri zikaandaa hesabu, wakaguzi wakaingia, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), Charles Kichere, akamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi 2023, na Aprili ikawekwa mezani bungeni Dodoma. Baadhi ya wabunge walitaka ijadiliwe papo hapo. Spika Tulia Ackson akawarudisha kwenye utaratibu: kwanza Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, ziwahoji maofisa masuuli, kisha mjadala uje Novemba.

Kikanuni Spika alikuwa sahihi. Ila kufikia Novemba mkurugenzi aliyeidhinisha malipo huwa ameshahamishwa, mweka hazina wake yuko wilaya nyingine au amestaafu, na anayeketi mbele ya kamati ana jibu moja linalomtosha: “Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nilikuta.” Kukuta ni kinga nzuri sana katika utumishi wa umma.

LAAC siidharau. Bila kamati hiyo, ambayo katika Bunge lililopita iliongozwa na Halima Mdee, wengi wetu tusingejua maana ya “fedha mbichi”, yaani ushuru unaokusanywa sokoni au kwenye kizuizi cha mazao na kutumiwa kabla haujafika benki. Mashine za POS zililetwa kuziba tundu hilo, na ripoti zikaendelea kutaja makusanyo yaliyosomeka kwenye mashine na yasiyoonekana benki. Mkurugenzi akibanwa kwa maswali kama hayo Dodoma, wa wilaya ya jirani naye anakaa sawa. Lakini halmashauri ziko 184, na kamati haiwezi kuziita zote kwa mwaka na kuzipa muda wa maana. Inachagua. Zisizochaguliwa zinapumua.

Hata zinazoitwa zinaulizwa zaidi kuhusu karatasi. Hoja ya ukaguzi “hufungwa” hati ya malipo ikionekana, stakabadhi ikiambatishwa, mkataba ukipatikana. Hesabu zisipokuwa na kasoro kubwa, halmashauri inapata hati safi, Mkuu wa Mkoa anapongeza, madiwani wanapiga makofi. Sasa nenda zahanati ya kata hiyohiyo ukaulize kama kuna dawa za presha. Hati safi inasema vitabu vimeandikwa ipasavyo; haikuahidi kwamba mama mjamzito atakuta kitanda. Kosa si la mkaguzi, maana hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Kosa ni letu tunaoibeba hati hiyo kwenye mikutano ya hadhara kana kwamba ni cheti cha huduma bora.

Chukua mikopo ya asilimia kumi. Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani iwakopeshe bila riba wanawake asilimia nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili. Ripoti za CAG zikafichua mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa. Bunge likachemka, na Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kusitishwa kwa utoaji wake ili upangwe utaratibu mwingine. Ilirejea mwaka 2024.

Katikati hapo walikuwapo wanawake wa vicoba waliokopa, wakafuga kuku, wakashona sare za shule, wakarejesha hadi senti ya mwisho, na walipotaka mkopo wa pili wakaambiwa dirisha limefungwa. Walilipia wizi wa vikundi ambavyo havikuwahi kuwapo.

Kinachoniudhi ni kwamba kikundi hewa si siri ya kumsubiri mkaguzi. Ombi la kikundi linaanzia kata, kwa afisa maendeleo ya jamii. Bandika kwenye ubao wa ofisi ya kata majina ya vikundi vilivyoomba, wanachama wake na kiasi walichopewa, uone kama jioni ile hatatokea mtu wa kusema: huyu katibu ni shemeji yake fulani, yuko Mwanza mwaka wa tatu, na hawa wafugaji wa nguruwe, banda lao liko wapi? Mtaani watu wanajuana. Anayeuza mandazi stendi anaweza kufanya kwa dakika kumi kazi inayoichukua Dodoma miezi kumi na sita tangu mwaka wa fedha ufungwe.

Na si kwamba sheria imemnyima nafasi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inaweka mkutano mkuu wa kijiji wa kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake. Humo ndimo taarifa ya mapato na matumizi inamosomwa. Nimehudhuria mikutano hiyo mkoani Pwani. Mtendaji anasoma kwa kasi ya mtu anayekimbilia basi la mwisho, jumla inatajwa bila mchanganuo, kisha mwenyekiti anauliza, “Tumeelewa, si ndiyo?” Mara mzee mmoja anataka kujua mifuko ya saruji ya choo cha shule ilikuwa mingapi na imebaki mingapi, maana mtoto wake ndiye aliyeipakua. Anaambiwa swali lake litajibiwa kwenye “mengineyo”. Kwenye mengineyo jua limezama, na wanaoishi ng’ambo ya mto wameshaondoka.

Tutaambiwa wananchi wenyewe hawahudhurii, na akidi haitimii. Kweli. Ila nani atakatisha palizi kwenda kusikiliza jumla isiyo na mchanganuo?

Mbunge naye ana viti viwili na tunamkumbuka kwa kimoja. Kwa sheria ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Bajeti aliyoishangaa Novemba bungeni huenda ilipita mbele yake barazani, siku aliyohudhuria au aliyotuma udhuru. Diwani ana udhuru wake mwingine: mkurugenzi ameteuliwa na Rais, baraza halina uwezo wa kumwondoa, na posho ya kikao (tusijifanye hatuijui) huandaliwa na ofisi ya mkurugenzi huyohuyo. Kwa hiyo nisingeanza na sheria mpya. Ningeanza na LAAC kumdai kila mkurugenzi anayefika mbele yake mihtasari ya mikutano mikuu ya vijiji vyake, ikiwa na maswali yaliyoulizwa na majibu yaliyotolewa. Kijiji ambacho hakijasomewa mapato na matumizi kwa mwaka mzima kiwe hoja ya kamati, na hoja hiyo isifungwe kwa stakabadhi.

Kabla ya Novemba kuna kikao kingine ambacho wengi hatukijui. Kila mwaka, mara nyingi Juni, halmashauri huitisha baraza maalumu la madiwani kupitia hoja za CAG. Mkuu wa Mkoa huja, na mwakilishi wa CAG huwapo. Mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, ingawa hana ruhusa ya kusema. Ripoti yenyewe hutolewa kwa Kiswahili pia, haidai shahada kuisoma. Ulizia tarehe kwa diwani wako mapema, kwa sababu tangazo hubandikwa makao makuu ya halmashauri, na nauli ya kwenda kulisoma ni juu yako.