Chombo cha Kuzama Kina Usukani

Wahenga waliposema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani, walisema wakiwa wameshaushika usukani huo mpaka viganja vikachubuka. Neno lao lilikuwa la tanzia, lililotamkwa baada ya dhoruba kwa ajili ya watu waliokwisha kufanya kila lililowezekana. Halikuwa kanuni ya uundaji wa vyombo, wala ruhusa ya kutweka tanga bovu. Lakini methali, kama mali ya mirathi, huangukia mikononi mwa warithi wasiojua ilivyochumwa. Katika habari za mashua za mashindano ya kasi, warithi hao wameigeuza kuwa pazia. Bingwa akiangamia, pazia huteremshwa: siku yake ilifika, alikuwa shujaa, kasi ilimwita naye akaitika. Nyuma ya pazia hubaki fundi, vipimo, na maamuzi yaliyokatwa karakanani miezi mingi kabla ya siku hiyo kufika.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni wa Mwingereza Donald Campbell, aliyefariki tarehe 4 Januari 1967 katika ziwa la Coniston, kaskazini ya Uingereza. Tangu hapo ameandikiwa vitabu, akatengenezewa filamu na kutungiwa nyimbo, na katika nyingi ya kazi hizo hutokea kama mtu aliyechukuliwa na ndoto yake, si kama mtu aliyeketi ndani ya chombo kilichofanyiwa mabadiliko makubwa. Heshima ya marehemu haipungui kwa kusemwa ukweli. Inayopungua ni raha ya wasifuji.

Mashua yake, Bluebird K7, ilibuniwa na ndugu wawili, Ken na Lew Norris, na ikaingia majini mwaka 1955. Ilikuwa ya chuma na bati, ikisukumwa na injini ya jeti aina ya Metropolitan-Vickers Beryl yenye nguvu ya ratili 3,500 za msukumo. Mwenye kuijua ngalawa hatapata taabu kuielewa. Mbele ilikuwa na maboya mawili yaliyotokeza ubavuni, mfano wa ndubi, na nyuma ilikaa juu ya ncha ya tezi. Ikishika kasi, mwili wote huinuka, na chombo huruka juu ya maji kikigusa nukta tatu tu. Hapo maji si adui mkuu tena. Adui ni hewa inayopita chini ya kifua cha mashua, nayo huzidi nguvu kwa hesabu isiyo na huruma: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya hewa huongezeka mara nne. Omo ikiinuka kidogo kuliko inavyostahili, hewa huingia kwa wingi zaidi. Ikiingia kwa wingi zaidi, omo huinuka zaidi. Baada ya mpaka fulani hakuna nahodha awezaye kuishusha, kwa sababu jambo lenyewe humalizika kabla mkono haujasogea.

Kwa muda wa miaka kumi Campbell na mafundi wake waliuheshimu mpaka huo. Tarehe 23 Julai 1955, katika ziwa la Ullswater, aliweka rekodi ya maili 202.32 kwa saa. Baada ya hapo akaivunja rekodi yake mwenyewe mara sita, ya mwisho ikiwa tarehe 31 Desemba 1964 katika ziwa Dumbleyung, Australia Magharibi, kwa maili 276.33. Msomaji azitazame rekodi hizo saba zikiwa zimepangwa kwa zamu: 202, 216, 225, 239, 248, 260, 276. Hakuna hatua hata moja iliyozidi maili 16 au kitu kidogo juu yake. Huyo si mtu wa pupa. Huyo ni mtu aliyejua kwamba kila maili ni ngazi mpya, na kwamba ngazi hupandwa kwa mguu uliokwisha kukanyaga iliyo chini yake.

Mwaka 1966 ndipo hesabu ilipobadilika. Ilitakiwa maili 300, na injini ya zamani haikuweza kuzitoa. Ikatolewa, ikatiwa Bristol Siddeley Orpheus, injini ya aina iliyotumika katika ndege ndogo ya kivita iitwayo Gnat. Ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza na yenye msukumo wa ratili 4,500. Nyuma mashua ikapachikwa mkia wa ndege hiyo, na ikatiwa breki ya kuchimba majini. Kwa maneno mengine, mwili wenye umri wa zaidi ya miaka kumi ulitiwa moyo mgeni. Moyo huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa takriban theluthi moja, na wepesi wake ulibadilisha mahali pa uzito ndani ya chombo. Mabaharia wa zamani walijua maana ya jambo hilo. Farumi ikihama, chombo si kile kile, hata kama jina lililoandikwa ubavuni ni lile lile.

Chombo chenyewe kilitoa onyo. Novemba 1966, katika majaribio ya awali, sehemu za kuingizia hewa zilivunjika, vipande vikavutwa ndani, na injini ikaharibika. Ikatafutwa nyingine. Majira ya baridi yakaingia, fedha zikapungua, waandishi wa habari wakachoka kusubiri na wengine wakaanza kudhihaki. Asubuhi ya tarehe 4 Januari mashua ilikwenda mkondo wa kwanza kwa wastani wa maili 297.6. Sheria inataka mikondo miwili, wa kwenda na wa kurudi, ndani ya saa moja, ndipo wastani wake uhesabiwe. Saa moja ni muda wa kutosha maji kutulia na mafuta kuongezwa. Campbell hakusubiri, aligeuza akarudi. Katika mkondo huo alipita maili 300, omo ikainuka, mashua ikapinduka angani na kuvunjika juu ya maji.

Wataalamu wamebishana tangu hapo. Wako wanaoyataja mawimbi aliyoyaacha mwenyewe katika mkondo wa kwanza, wako wanaoitaja injini iliyopoteza msukumo ghafla, na kwa kuwa msukumo huo ndio uliosaidia kuikandamiza omo, kupotea kwake kukaiachia ipae. Wako wanaosema mashua ilikuwa imeshavuka mpaka wa uthabiti wake, na mengine yote yalikuwa cheche tu kwenye baruti. Wabishane. Lililo muhimu ni kwamba kila mmoja wao anataja sababu iliyopimika: uzito, pembe, msukumo, mafuta, muda. Hakuna hata moja katika hizo iliyoandikwa kwenye nyota. Zote zilipita mikononi mwa watu.

Watu wa visiwani wanaifahamu lugha ya pazia. Waliisikia Septemba 2011, pale meli ya MV Spice Islander I ilipozama ikielekea Pemba, hali imepakia watu mara kadhaa ya uwezo wake. Waliisikia tena Julai 2012 ilipozama MV Skagit. Wako waliosema ilikuwa kudra, na muumini hakatai kudra. Lakini kudra ni faraja ya mfiwa. Haikupata kuwa wakili wa aliyepakia. Anayelitumia jina la Mungu kufuta hesabu ya mizigo hakumcha Mungu, bali amejificha nyuma yake. Ziwa la Coniston liko mbali na mkondo wa Nungwi, na aliyekufa kule alikuwa mmoja, tena kwa hiari yake. Hata hivyo kosa la fikra ni moja: kuuita uamuzi wa binadamu majaaliwa, ili asiwepo wa kuulizwa.

Upande wa pili wako wenye methali nyepesi zaidi. Hao husema haraka haraka haina baraka, wakafunga mlango, kana kwamba kasi yenyewe ndiyo dhambi. Nao wamekosea. Mashindano ya ngalawa si dhambi, na fundi anayekwangua mkuku wa chombo chake usiku kucha ili kesho apite mbele ya jirani yake hafanyi uovu. Kasi ni mtihani wa uundaji. Chombo cha polepole huficha makosa ya fundi kwa miaka. Chombo cha mbio huyafichua kwa nukta moja. Anayeikataa kasi kwa methali amekwepa swali, sawasawa na yule anayeisifu kwa machozi.

Jibu la wote wawili lilitoka katika uwanja wa nyuma ya nyumba, mjini Sydney. Ken Warby, Mwaustralia ambaye tangu utotoni alimhusudu Campbell, alianza miaka ya 1970 kuunda mashua ya mbao na fibaglasi kwa mikono yake, akaiita Spirit of Australia. Injini yake, Westinghouse J34, aliinunua mnadani miongoni mwa vifaa vilivyoachwa na jeshi la anga. Fedha alizipata kwa kazi ya uuzaji na kwa kuuza picha alizochora mwenyewe. Akaomba ushauri wa Profesa Tom Fink, mtaalamu wa mwendo wa hewa, kwa kuwa alijua kwamba ujasiri haupimi upepo. Tarehe 20 Novemba 1977, katika bwawa la Blowering, alifikisha maili 288.60. Tarehe 8 Oktoba 1978 akafikisha maili 317.60, yaani kilomita 511 kwa saa. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Lee Taylor aliitafuta katika ziwa Tahoe mwaka 1980 akafa. Craig Arfons aliitafuta huko Florida mwaka 1989 akafa. Warby alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 83, wala hakufia majini.

Mpinzani atasema: Warby naye aliruka maili 29 kwa mwaka mmoja, hatua kubwa kuliko zote za Campbell, iko wapi hiyo subira? Swali ni la haki. Lakini hoja si urefu wa hatua. Hoja ni kwamba mwili wa mashua ya Warby ulibuniwa tangu ubao wa kwanza kwa ajili ya injini ile na kasi ile, na aliyeiendesha ndiye aliyeipigilia misumari. Hakuna kilichofichika baina ya mkono uliounda na mkono ulioshika usukani. Mpinzani atasema tena kwamba bahati nayo ilikuwemo. Naam, bahati ilikuwemo, na Warby mwenyewe alikwenda mahali ambapo kosa dogo lingemuua. Bali bahati humfaa aliyekwisha kupima. Asiyepima humwachia deni.

Wapenzi wa ushairi ndio watu wa mwisho wanaostahili kudanganyika katika jambo hili. Wao wanajua mizani ni nini. Wanajua kwamba neno zito likitiwa katika mshororo usioweza kulibeba halizidishi nguvu ya ubeti. Huuvunja, hata neno liwe zuri namna gani. Wanajua kwamba mtungaji akibadilisha kina cha kati hapana budi aurudie ubeti mzima, maana hakuna badiliko linalokaa peke yake. Ajabu ni kuwa watu wenye elimu hiyo, wakifika ukingoni mwa ziwa, huiacha viatuni na kuanza kulia kwamba ilikuwa ndoto.

Mwaka 2001 mpiga mbizi Bill Smith, aliyetiwa hamu na wimbo wa bendi ya Marillion, aliiopoa Bluebird kutoka chini ya ziwa la Coniston, na mwaka huo huo mwili wa Campbell ukapatikana na kuzikwa kijijini hapo. Kwa miaka mingi watu wa kujitolea waliinyoosha bati baada ya bati, wakaitia uhai tena, na mwaka 2018 ikakimbia juu ya maji ya Loch Fad huko Uskochi. Tangu mwaka 2024, baada ya mzozo wa umiliki, iko katika makumbusho ya Ruskin hapo Coniston. Wimbo ulifanya kazi njema: uliwaamsha watu wakaenda kutafuta. Lakini walipoipata hawakuitengeneza kwa wimbo. Waliitengeneza kwa rula, nyundo na subira.

Basi tanzia ziendelee kutungwa, maana wafu wana haki ya kuliliwa. Ila atungaye na amtaje fundi, ataje uzito uliohama, ataje saa moja ambayo haikusubiriwa. Chombo cha kuzama kina usukani. Kina mkuku, kina farumi, na kina watu waliokitazama kikiwa bado juu ya magogo nchi kavu, wakaona, wakanyamaza.