Kulenga kwa otomatiki ni kuchungulia majibu

Jamani wapenzi wa gemu, leo nina ugomvi. Kuna watu wanaocheza Silent Hunter III, ile gemu ya nyambizi iliyotolewa na Ubisoft mwaka 2005 na ambayo bado ina mashabiki wake, halafu wanajiita manahodha. Ukiwauliza wanalengaje topido, wanakwambia gemu inawapigia hesabu. Na utetezi wao upo tayari: hata nahodha wa kweli wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa na mashine ya kupiga hesabu, kwa hivyo otomatiki ndiyo uhalisia wenyewe.

Utetezi huo ni mbovu, na sisi tunaoandika programu ndio tunaopaswa kuuona ubovu wake kwanza. Ni kweli Wamarekani walikuwa na Torpedo Data Computer, na Wajerumani walikuwa na yao. Lakini mashine zile za gia na vishikizo hazikujua lolote. Mtu alichungulia kwenye periskopu, akakisia meli ile inakwenda kwa kasi gani na imeelekea wapi, kisha akaingiza makisio yake. Mashine ilifanya hesabu ya makisio. Otomatiki ya gemu inafanya jambo jingine kabisa. Ndani ya programu kila meli ina kasi yake imehifadhiwa kwenye kumbukumbu, pamoja na desimali zake, na otomatiki inazisoma kutoka humo humo. Huko si kupiga hesabu, ni kuibia mtihani.

Hesabu yenyewe ni mstari mmoja wa kodi. Chukua kasi ya meli, igawe kwa kasi ya topido, zidisha kwa saini (ile ya trigonometria, si ya kwenye hundi) ya pembe kati ya uelekeo wa meli na mstari unaotoka kwake kuja kwako. Tafuta pembe yenye saini hiyo: ndiyo unayotanguliza mbele ya meli. Meli ikikupa ubavu mzima, yaani digrii 90, ikienda noti 12 (maili za baharini 12 kwa saa), na topido yako ya umeme ya Kijerumani ikienda noti 30, unapata 0.4, yaani digrii 23.6. Kwisha. Umeona umbali haumo? Topido ikienda moja kwa moja, umbali haubadilishi pembe hiyo. Wanaoanza hupoteza dakika nzima wakihangaika na umbali huku kasi wameibahatisha.

Sasa tuseme kasi yake ya kweli ilikuwa noti 10. Meli ina urefu wa mita 120, iko mita 1,000 kutoka kwako, umelenga katikati. Topido itapita kama mita 13 mbele ya omo, na mabaharia wataiona ikienda zake. Na kasi unaipimaje? Unasimamisha nyambizi, unatuliza periskopu, unahesabu sekunde kutoka omo hadi tezi ya meli vipite kwenye mstari wa katikati. Noti 10 ni sekunde 23, noti 12 ni sekunde 19. Sekunde nne tu! Fomula haikukosea popote.

Mtu wa Kapsoit hahitaji kuiona bahari ili aelewe haya. Simama kando ya barabara ya Kericho kwenda Kisumu, lori la majani chai linakuja, nawe unataka kuvuka. Kasi ya miguu yako unaijua. Inayoua watu ni ile kasi ya lori waliyoikadiria.

Na wanaosema haya ni mambo ya Wazungu wakasome kuhusu Khedive Ismail. Meli hiyo ilitoka Kilindini, Mombasa, Februari 1944 kwenda Colombo, ikiwa imebeba wanajeshi wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na wanamaji. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa dakika mbili hivi, na karibu watu 1,300 walikufa. Topido za Type 95 za nyambizi za Japani zilikwenda karibu noti 50. Rudia mfano wetu kwa kasi hiyo: kosa lile lile la noti mbili, na topido bado inapiga meli. Ukiisha kupiga hesabu hiyo kwa mkono ndipo unaelewa kwa nini silaha ile iliogopwa.

Kisha manowari za Uingereza, Paladin na Petard, zikaigeukia I-27. Ililazimika kuibuka, imejeruhiwa, mchana kweupe, mbele ya macho ya mabaharia waliofunzwa kazi hiyo. Petard ikaifyatulia topido moja moja. Ya saba ndiyo iliyopata.

Sita zilipotea. Niambie, ndugu nahodha wa otomatiki, wewe mara ya mwisho kukosa ilikuwa lini?

Chaguo la kulenga kwa mkono liko kwenye mipangilio ya uhalisia. Liwashe kabla ya kutoka bandarini, tafuta meli moja ya mizigo isiyo na ulinzi, na uwe na saa ya kuhesabu sekunde mkononi.