Umbali usiwe adhabu kwa mwanafunzi wa Garissa

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili alikuwa kwao Garissa, nami nikiwa ofisini Nairobi, takriban kilomita 370 kutoka alipokuwa. Kazi yake ilikuwa kupima irabu za Kisomali kwa kutumia Praat, programu ya kuchanganua sauti iliyobuniwa na wanaisimu Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Rekodi zake zilikuwa ndani ya tarakilishi moja huku Nairobi, na kwa kuwa wazee waliorekodiwa hawakuridhia sauti zao zisambazwe, hazikuruhusiwa kutoka humo. Basi tukapata njia: programu ikawa inafanya kazi Nairobi, na dirisha lake likafunguka kwenye kipakatalishi chake kikuukuu kule Garissa.

Tulifaulu nusu. Kila alipobonyeza kitufe alilazimika kungoja, na menyu moja ilichukua muda wa kutosha kumimina chai. Isitoshe, picha ya mawimbi ya sauti ilipofika, sauti yenyewe haikufika. "Mwalimu," aliniandikia, "namwona mzee akizungumza, lakini mimi ni kiziwi." Tangu siku hiyo nimeacha kuyaona mambo haya kuwa ya mafundi peke yao.

Mfumo tulioutumia unaitwa X. Ulianzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT nchini Marekani na Robert Scheifler na Jim Gettys, na toleo lake la 11, ambalo ndilo lililoenea, lilitoka mwaka 1987. Ni mfumo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Waasisi wake walikubaliana tangu mwanzo kwamba programu na kiwambo si lazima vikae nyumba moja. Programu hutuma maagizo: fungua dirisha hapa, chora mstari pale. Kiwambo hutii, kisha hurudisha habari za vidole vya mtumiaji. Kwa jicho la mwanaisimu, hiyo ni lugha kamili yenye msamiati na sarufi yake.

Lugha hiyo, hata hivyo, ina mazoea ya kuulizana sana. Upande mmoja huuliza, hungoja jibu, kisha huuliza tena. Ndani ya jengo moja majibu hurudi kufumba na kufumbua. Katika safari ndefu, kungoja kudogo kudogo hurundikana hadi mtu akakata tamaa. Tena haikubuniwa kubeba sauti.

Iko njia ya pili, nayo ni kutuma picha ya kiwambo badala ya maagizo. Ndivyo ifanyavyo VNC, iliyotoka katika maabara ya Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990, na ndivyo ifanyavyo mara nyingi RDP, itifaki ya kampuni ya Microsoft ambayo siku hizi programu huria nazo huizungumza. RDP hubeba na sauti. Tulipoihamia, mwanafunzi wangu akazisikia irabu zake. Lakini vifurushi vyake vya data vikaanza kwisha kabla ya wiki kwisha, kwani picha ni mzigo mzito kuliko maneno.

Hivi sasa ulimwengu wa programu huria unahama kutoka X kwenda Wayland, mfumo ulioanzishwa mwaka 2008 na Kristian Høgsberg. Sababu za kuhama zina mantiki. Katika X, programu moja yaweza kuchungulia herufi unazochapa katika nyingine, na katika zama za benki mtandaoni hilo ni jambo la hatari. Lakini waliobuni Wayland hawakuufanya umbali kuwa sehemu ya lugha yake. Waliuachia vyombo vya nyongeza, kama vile Waypipe na huduma ya RDP iliyo ndani ya GNOME. Programu za kale za X bado zina daraja la kuvukia, lakini katika GNOME ilipasa kungoja hadi toleo la 46, Machi 2024, ndipo mtu akaweza kuingia kutoka mbali katika tarakilishi ambayo hakuna aliyekuwa ameifungua. Hiyo ni miaka 16 baada ya Wayland kuanza. Lililokuwa msingi mwaka 1984 liligeuka kiraka.

Simlaumu mtaalamu aliye na tarakilishi mpya mezani pake kwa kutoukumbuka umbali. Aliye karibu huuona umbali kuwa shida ya wengine. Watu wa Kaskazini Mashariki wameizoea hali hiyo tangu Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulipoelekeza rasilimali zipelekwe kule ambako zingezaa haraka, na kule kwao hakukuhesabiwa.

Haja ya kufikiwa kutoka mbali, basi, si anasa kwao. Mnamo Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifungwa hadi Januari 2016, na manusura wakapelekwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Mnamo Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na baadaye Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Mwalimu aliyeondoka kwa kuhofia roho yake hana lawama. Lakini darasa alilolipa kisogo lilibaki pale pale, likimtazama mlangoni. Kwa darasa kama hilo, mwalimu anayeweza kufungua kiwambo cha mwanafunzi kutoka mbali na kumwonyesha alipokosea ni heri kuliko ubao mtupu.

Wapo watakaosema kwamba kama ni hivyo, kila kitu kiwekwe Nairobi na Garissa ipewe viwambo tu. Hapo ndipo ninapopinga. Mara kadhaa magaidi wa al-Shabaab wameshambulia minara ya simu katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, na wakazi wakakatiwa mawasiliano. Mnara ukianguka, mwanafunzi ambaye kazi zake zote ziko Nairobi hana kazi wala masomo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Uzuri wa mfumo huria ni kwamba haukulazimishi kuchagua upande mmoja. Mbinu ile ile inayoleta dirisha kutoka Nairobi yaweza kulileta kutoka chumba cha pili. Mradi wa LTSP ulionyesha zamani kwamba tarakilishi moja yenye nguvu yaweza kuhudumia chumba kizima cha mashine hafifu ambazo wengine wamezitupa. Na hapo, katika waya mfupi wa jengo moja, X haina kigugumizi kile kilichotusumbua mimi na mwanafunzi wangu. Seva ikae Garissa, viwambo viwe madarasani, na njia ya kwenda Nairobi ifunguliwe inapokuwapo. Ikikatika, masomo yataendelea. Wala jua si haba: kituo cha umeme wa jua cha Garissa, kilichozinduliwa mwaka 2019, kina uwezo wa megawati 50. Itakuwa ajabu nuru hiyo ipite juu ya paa za shule zisizo na tarakilishi.

Serikali imeahidi kilomita 100,000 za mkonga wa mawasiliano nchini kote. Ni ahadi njema, lakini kilomita hazifundishi mtu. Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, zabuni za tarakilishi za shule na vyuo zidai mifumo huria inayoweza kufikiwa kutoka mbali, sauti ikiwemo. Pili, vijana wa kaunti hizo wafunzwe kuitunza seva yao wenyewe, ili hitilafu isingoje fundi wa Nairobi anayeogopa barabara. Tatu, menyu zitafsiriwe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuleta Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kisomali, kinachoandikwa rasmi kwa hati ya Kilatini tangu mwaka 1972, hakina kizuizi chochote cha herufi. Kinachokosekana ni nia.

Mwanafunzi wangu alimaliza kazi yake, kwa kuchelewa muhula mzima. Muhula huo hakuupoteza kwa uvivu. Aliupoteza akingoja menyu zifunguke. Kwa hiyo nawaomba wanaotia sahihi mikataba ya vifaa hivi: kabla ya kulipa, mmoja wenu asafiri hadi Mandera, aketi mbele ya kiwambo mnachokinunua, afungue somo lililo Nairobi, kisha atuambie kwa ukweli kama anasikia.