Insha ya "Baba Yangu" na Mtoto Aliyefiwa

Ipo mada moja ya insha ambayo walimu wengi wa shule za msingi huiandika ubaoni kila mwaka: "Baba Yangu". Mwanachuo anayekwenda kufundisha kwa vitendo katika kata ya Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, au kwa majirani zetu wa Ruangwa, huichagua kwa kuwa haidai kitabu wala picha. Sisi tunaona kwamba kwa mtoto aliyefiwa na mzazi, au ambaye hakumjua kamwe, mada hiyo ni zoezi la kusema uwongo kwa ufasaha. Mtoto huandika anayodhani yanatakiwa: baba yangu ni mrefu, ni mpole, hunisimulia hadithi kila usiku. Viambishi vikikaa sawa, hupewa alama nane juu ya kumi.

Uwongo wa namna hiyo umeonyeshwa vizuri mahali ambapo wengi wetu hatungedhani kuutafuta, yaani katika mchezo wa televisheni wa Kiingereza. Mfululizo uitwao Doctor Who, ulioanza kuonyeshwa na BBC mwaka 1963, husimulia safari za mtu awezaye kwenda mbele na nyuma katika wakati. Katika sehemu moja iliyoonyeshwa tarehe 14 Mei 2005, iliyoandikwa na Paul Cornell, msichana Rose anaomba arudishwe hadi mwaka 1987, siku ambayo baba yake, Pete, aligongwa na gari akafa peke yake barabarani. Rose alikuwa mchanga siku hiyo, na sifa zote za baba yake amezipata kwa mama. Anamvuta baba asigongwe, na kwa kitendo hicho utaratibu wa wakati unavurugika na watu wanaanza kuangamia.

Tukio tunalolitaka sisi si la gari. Pete, akiisha kutambua kwamba binti huyu mkubwa ni mtoto wake, anamwuliza alikuwa baba wa namna gani. Rose anamjibu kwamba alikuwa akimsomea hadithi kila usiku na kumtembeza kila mwisho wa juma. Pete anasikiliza, kisha anakana: mtu huyo siye yeye. Anajijua kuwa ni mbabaishaji wa biashara zisizofaulu. Kutokana na sifa zile anang'amua kwamba hakuishi kumlea mtoto huyu. Hapo ndipo anapoamua kulikabili lile gari, na Rose anamshika mkono mpaka anakata roho. Insha ya "Baba Yangu" ilikuwa imekwisha kusomwa mbele ya baba mwenyewe, naye akaikataa.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba safari za wakati ni ndoto za kigeni, zisizomfaa mtoto wa mkulima wa korosho. Hatukubaliani nao. Wala televisheni haihitajiki; kisa hiki mwalimu aweza kukisimulia kwa dakika kumi, kama hadithi nyingine yoyote. Isitoshe, Kiswahili chenyewe kina chombo cha safari hiyo. Asemaye "ningemwuliza" bado ana nafasi ya kuuliza. Asemaye "ningalimwuliza" mlango umekwisha kufungwa. Wanafunzi huchanganya -nge- na -ngali- kila siku, na sarufi huwafundisha tofauti hiyo kwa sentensi za mvua na mavuno zisizomgusa mtu. Hapa tofauti ina uzito. Mtoto aliyefiwa anaijua kabla hajafundishwa jina lake.

Basi tunapendekeza mada ibadilishwe hivi: "Umerudi siku moja katika maisha ya mzazi wako, au babu, au bibi, kabla hujazaliwa. Huwezi kubadili lolote. Eleza ulichokiona." Sharti la kutobadili lolote lisiachwe, maana ndilo linalomwondoa mtoto katika kutamani na kumpeleka katika kutafuta. Ili aone, lazima aulize: mzee alilima shamba gani, alitumia zana gani, aliuza wapi, alicheka nini. Jirani hatasema kwamba marehemu alikuwa mpole tu. Atasema pia kwamba alikuwa mbishi, na kwamba jembe lake aliloliazima halikurudi.

Nachingwea si mahali pakavu kwa kazi hii. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulileta hapa matrekta, vibarua na reli ambayo baadaye iling'olewa. Kisha ikaja kambi ya wapiganaji wa FRELIMO. Josina Machel alipata mafunzo ya kijeshi hapa Nachingwea mwaka 1967, akafariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, na mwanawe hakuwa ametimiza miaka miwili. Mtoto wa namna hiyo hana njia ya kumwona mama ila kwa macho ya waliomwona.

Tahadhari zipo. Mwalimu asimlazimishe mtoto kumchagua mzazi aliyefariki, wala asidhani kwamba kila baba asiyekuwapo amekufa; wengine wako hai na hawatajwi nyumbani. Insha isisomwe mbele ya darasa bila idhini ya mwenyewe. Makosa ya sarufi yasahihishwe kwa penseli, katika karatasi ya pembeni.

Zoezi lipewe vipindi viwili, na kati yake lipite juma zima la kuulizia. Juma hilo lisiangukie msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, kwa kuwa wakati huo wazee wako mashambani mchana kutwa, na jioni wamechoka mno kuulizwa habari za watu waliokufa.